Fundi Elius na Mistari ya Mwanga

Katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ukishuka Makambako kwenye njia panda ya Songea na kufuata harufu ya oili chafu, ulifika kwenye duka la vipuri la Halfan. Ukipita kati ya springi za Scania na madramu matupu, nyuma kabisa, ulikuta chumba cha fundi vioo, Elius Mgaya.

Makambako ya wakati ule ilikuwa imechangamka kweli. Kila juma lilikuja na kitu chake: leo redio kaseti, kesho saa zinazoimba, keshokutwa marobota ya mitumba yanafunguliwa watu wanasukumana. Wenye mbao walikuwa wanapata, na aliyepata alitaka kabati lenye kioo kirefu, mke ajione mpaka viatu. Kwa hiyo kazi haikukosekana. Ila Elius alikuwa mzito. Fundi mwingine angekuwa amekata vioo vitano, yeye bado anapima cha kwanza, mara ya tatu. Tena kioo hakukishika kwa vidole vitupu. Alikishika kwa kitambaa cha pamba, kama mtu aliyebeba kifaranga.

"Fundi," Halfan alikuwa akimwambia, ameegemea mlango na mswaki mdomoni, "hicho ni kioo cha kabati la Mama Fidelia. Si mboni ya jicho lake."

"Kikishikwa kinavimba," Elius anajibu.

"Kioo kinavimba?"

"Kidogo sana. Huwezi kuona."

"Sasa kama siwezi kuona kinanihusu nini, ndugu yangu? Kata."

Halfan alikuwa mtu wa Kondoa, kaja Makambako na lori la baba yake akabaki. Alipenda kutania kuliko kula. Elius alikuwa Mbena wa Mdandu, mtu wa kucheka kwa macho tu. Waliishi vizuri. Jumatatu mpaka Ijumaa Elius alilala kwenye chumba chake cha vioo, na Ijumaa jioni alidandia gari kwenda Njombe, mtaa wa Mjimwema, kwa mkewe Hulda, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi.

Huko kuvimba kwa kioo alikujua Ujerumani. Ni habari ndefu kidogo. Alisoma shule ya kanisa ya Kidugala, na pale palikuwa na mwalimu mmoja mzungu ambaye miwani yake ilivunjika mkono, Elius akaiunga kwa waya wa shaba hata haionekani palipovunjika. Yule mwalimu akaitazama, akamtazama kijana, akaandika barua kwao. Kwao kulikuwa na karakana ya vioo, na yule bwana mwenye karakana alikuwa anatafuta mikono. Shamba la misindano la Mzee Hezekia, baba yake Elius, likaenda katika safari hiyo, lote, miti ikiwa bado michanga. Elius akaondoka mwaka themanini na saba.

Alikaa miaka mitano. Aliona theluji, aliona Wajerumani wakibomoa ukuta wao, lakini zaidi ya yote aliona kioo. Kioo cha mviringo, kikubwa kama kisosi. Unakisugua juu ya lami laini kwa unga mwekundu, polepole, mizunguko kumi. Kisha unakiweka kwenye kigoda chake na kukiacha saa nzima, joto la mikono yako litoke, kwa sababu palipopita kidole kioo kinapanda, na ukipima kabla hakijapoa kinakudanganya. Halafu unapima. Unakuta kuna kilima mahali fulani, kilima ambacho unywele mmoja ukiupasua mara elfu ndio unakifikia. Unasugua tena, mizunguko minne. Unasubiri tena. Ukiijumlisha, kazi ile ilikuwa ya kusubiri kuliko kusugua.

Vioo vyenyewe vilikuwa vya majaribio. Walikuja wahandisi kutoka mji mwingine, vijana wenye nywele ndefu, wakaeleza. Walikuwa wanatafuta namna ya kutengeneza darubini ya kupelekwa juu kabisa, nje ya hewa, izunguke huko kama setilaiti. Ila haikuwa darubini moja. Zilikuwa mbili, zimekaa mbalimbali kwenye boriti moja ndefu, zote zinatazama nyota ile ile. Mwanga unaoingia huku na mwanga unaoingia kule unaletwa katikati na kuunganishwa. Ukiunganishwa sawasawa, vioo viwili vidogo vinaona wembamba ule ule ambao kingeuona kioo kimoja chenye upana wa boriti nzima. Na kioo kikubwa namna hiyo hakuna roketi ya kukibeba. Shida yote ilikuwa kwenye hilo neno sawasawa. Mwanga wa pande mbili lazima ufike pamoja, usipitane hata kwa sehemu ya elfu ya unywele. Ndiyo maana walitengeneza kitoroli kidogo chenye kioo, kinachokwenda mbele na nyuma, kuurefusha mwendo wa upande mmoja mpaka ulingane na wa pili. Kioo cha juu ya kitoroli ndicho alichosugua Elius.

Aliyaandika haya yote kwa barua, kurasa sita, akamtumia baba yake.

Mzee Hezekia alikuwa mpasua mbao. Maisha yake yote aliyamaliza kwenye shimo la kupasulia magogo, yeye na msumeno mrefu, mwenzake juu ya gogo na yeye chini, unga wa mbao ukimwagikia kofia. Alikuwa pia mzee wa kanisa pale Mdandu, mtu asiyeongeza chumvi. Barua aliisoma mara tatu. Jumapili, wakati wa matangazo, akasimama mbele ya usharika akasema: "Namshukuru Mungu. Mwanangu Elius anatengeneza jicho la kutazamia nyota, nalo litakaa huko huko juu." Akaketi.

Wengine waliitikia amina. Lakini nje, watu walipokuwa wanaagana, jamaa mmoja aliyekuwa amekaa sana Dar es Salaam akasema kwa sauti ya kusikika kuwa hao wote wanaosemwa wako Ulaya, ukweli wa mambo wanafagia. Wanafagia ofisi, wanafagia vyoo, na barua lazima uandike kitu. Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya sana, lakini walicheka. Kuanzia hapo watoto wa shule wakimwona Mzee Hezekia na msumeno wake begani wakawa wanasema, "Kamwene, Baba Nyota," kisha wanakimbia.

Naye hakusimama tena wakati wa matangazo.

Mwaka tisini na mbili Dorkasi, mama yake Elius, alifariki, na Elius akarudi. Alimkuta mama ameshazikwa wiki mbili. Alikuja na sanduku moja, na ndani ya sanduku, katikati ya soksi, kioo kimoja cha ukubwa wa kisosi chenye mkwaruzo pembeni. Karakana ilimpa kama zawadi ya kuagana kwa sababu hakingetumika.

Mzee Hezekia alikigeuza kuelekea mlangoni.

"Hiki mbona kimepakwa dawa mbele, si nyuma?"

"Ndivyo vilivyo, baba. Usiguse hapo."

Alikuwa ameshagusa. Alama ya dole gumba ikabaki katikati, kubwa, ya mpasua mbao.

"Miaka mitano," alisema mzee. "Kioo kimoja."

"Vilikuwa vingi, baba. Hiki ndicho kilichokataliwa."

Afadhali asingesema. Mzee alikirudisha kwenye soksi taratibu, na kwa miaka sita hawakukizungumza tena. Elius hakurudi Ujerumani. Kazi ile ilikuwa imehamia karakana nyingine, na kwake palikuwa na msiba, kisha ndoa, kisha maisha. Akashuka Makambako kukata vioo vya makabati.

Ikawa kipupwe cha mwaka tisini na nane, baada ya zile mvua za Elinino zilizokata barabara kila mahali. Mzee Hezekia alikuja Njombe kuonwa na madaktari wa macho. Walimwambia ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia linakwenda. Watampa dawa ya matone, lakini asitegemee mwaka mwingine.

Jioni hiyo, Elius alikuwa amekuja kutoka Makambako, wakakaa wawili kwenye benchi nje ya nyumba, ukungu unapanda kutoka bondeni. Mzee akasema, "Elius."

"Naam, baba."

"Nilisimama mbele ya usharika nikasema neno."

"Najua, baba."

"Nataka kujua kama nilisema uongo. Usinieleze. Barua yako ilieleza vizuri sana. Nionyeshe, maana jicho moja bado lipo kidogo."

Elius hakulala vizuri siku hiyo. Kitu cha kuonyesha alikuwa nacho, karibu. Mapema mwaka ule Halfan alikuwa ameleta kutoka Kariakoo katoni ya vitochi vidogo vya kuning'iniza kwenye funguo, vinavyotupa nukta nyekundu kali hata ng'ambo ya barabara. Vijana walivinunua kuchezea paka. Elius alichukua kimoja akaitazama nukta yake: ulikuwa ni mwanga ule ule waliokuwa wakiutumia karakana, ila wa rejareja. Akatafuta na kioo cha pili, nacho akakipata kwenye mashine ya fotokopi iliyokufa, kimepakwa mbele vile vile. Kila Ijumaa mchana, kabla ya kupanda gari, alijaribu. Kitochi kinatupa mwanga kwenye kipande cha kioo cha dirisha kilichosimama mshazari. Kipande kinaugawa, nusu inakwenda kwenye kioo hiki, nusu kwenye kile. Inarudi, inakutana, inapita kwenye lenzi ya miwani ya kuazima na kutua ukutani. Pakiwa pametulia, panatokea mistari: mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi.

Lakini Makambako hapatulii. Reli ile pale, malori yale pale. Mistari ikijikusanya, mara treni ya mizigo inaingia stesheni na kila kitu kinafutika. Akatengeneza sanduku la mbao, akalijaza mchanga mkavu, akaliweka juu ya mpira wa ndani wa tairi la lori uliojazwa upepo nusu, ili tetemeko lifie kwenye mpira. Ikasaidia kidogo. Zaitun, mke wa Halfan, alipita siku moja akauliza kama fundi ameanza kufuga samaki.

Njombe ndiko kulikotulia. Basi Ijumaa iliyofuata Halfan na Zaitun walikuwa wanapeleka Canter Njombe kupakia viazi, wakabeba na sanduku.

"Mchanga," Halfan alisema akiligusa sanduku. "Nimebeba vyote katika nchi hii, lakini kumpelekea Mbena mchanga wa Makambako, hapana."

"Endesha taratibu."

"Nitauendesha kama bibi harusi."

Jumamosi asubuhi, mchanga ulikuwa umeshalala chumbani Mjimwema. Elius alitundika mablanketi madirishani. Kioo kile kilichokataliwa alikifunga kwenye kipande cha mninga, kizito, akakididimiza mchangani. Aliwaonya watu wote wa nyumbani: msiguse sanduku, msitembeetembee, msifunge mlango kwa kishindo. Akamkalisha baba yake kwenye kiti hatua tatu kutoka ukutani, naye akainama kusogeza vioo, unywele kwa unywele.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hulda alichungulia, akaona mzee mzima, mgonjwa, baba mkwe wake, amekalishwa kwenye chumba cha giza, mwezi wa saba, Njombe, bila moto. Haikuwezekana. Kwao mgeni anapewa moto kabla ya maji. Akaleta jiko, mkaa umeshika vizuri, hauna moshi hata chembe, akaliweka kimya kimya chini ya kiti, akaacha mlango wazi kidogo kwa ajili ya hewa, akatoka akinyata. Elius alikuwa ameinama. Joto alilisikia mgongoni, akafurahi kuwa baba hatapata baridi, akaendelea na kazi bila kuwaza linatoka wapi.

Mistari ikakataa. Ilikuwa inajitokeza upande mmoja, inapinda, inakatika, inakimbia. Alikaza skrubu. Alihamisha lenzi. Ikapita nusu saa. Jasho likamtoka, Njombe, mwezi wa saba.

"Naona wekundu," alisema mzee. "Unatetemeka."

"Bado kidogo, baba."

Ikapita tena robo saa.

"Basi, mwanangu," alisema Mzee Hezekia, kwa upole. "Umejitahidi."

Neno hilo lilimuuma Elius kuliko kicheko chote cha Mdandu. Angetukanwa angejua la kujibu. Alibaki ameinama pale pale, hajui ainuke na uso gani.

Mlango ukasukumwa. Halfan na Zaitun walikuwa wamemaliza kupakia viazi na wamekuja kumsalimu mzee kabla ya kurudi. Zaitun alitangulia, akatoa shikamoo yake, kisha akatazama ukutani.

"Mbona ukuta wenu unachemka?" aliuliza.

"Ukuta unafanya nini?" aliuliza Elius.

"Unachemka. Kama lami ya barabarani saa saba mchana, ukiitazama kwa mbali."

Elius aliinuka. Aliutazama ukuta, akamtazama Zaitun, kisha taratibu akateremsha macho mpaka chini ya kiti cha baba yake. Akashika kichwa. Karakana ile alikofundishwa walivaa makoti mazito ndani ya chumba cha kupimia, na mtu kuingia na moto ni jambo ambalo hakuna aliyewahi hata kulikataza.

"Hulda," aliita. "Njoo utoe jiko."

Hulda alisimama mlangoni. "Nitoe jiko baba akae na baridi? Watu watasemaje?"

"Jiko limekosa nini?" aliuliza mzee.

"Linapasha hewa, baba. Hewa ya moto inapanda, inapita kwenye njia ya mwanga, mwanga unayumba."

"Hewa tu hii ninayovuta?"

"Hii hii."

Ilionekana Mzee Hezekia anapima kitu kichwani, kama alivyozoea kupima gogo kabla hajaligusa kwa msumeno.

"Sasa nyota," alisema, "si ziko nyuma ya hewa yote hii? Ya hapa mpaka huko juu inakoishia?"

"Ndiyo, baba."

"Na yote inachemka namna hii."

"Ndiyo maana zinametameta. Ndiyo maana wanataka kuzipeleka darubini nje ya hewa."

"Kwenye barua hukusema hivyo."

"Nilisema, baba. Ukurasa wa nne."

"Ulisema. Nilisoma. Sikuona." Akajiweka sawa kwenye kiti. "Hulda, mwanangu, toa jiko. Niletee blanketi mbili. Tutasubiri ukuta upoe."

Wakasubiri. Kama saa moja hivi, watu wazima watano katika giza, pumzi zinatoka kama moshi. Mzee ndiye aliyekuwa anauliza, naye Elius anajibu kwa sauti ndogo, asiutikise mchanga.

"Hiyo mistari yenyewe ni ya nini?"

"Mwanga unakwenda kwa mawimbi, baba. Ukiwa shimoni na msumeno, mwenzako wa juu akivuta nawe ukaachia, msumeno unakwenda. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Na mkivuta wote kwa mara moja, huku na kule?"

"Unasimama. Hauendi popote, na mnachoka."

"Mwanga nao. Mawimbi ya pande mbili yakifika kwa kupokezana vizuri, unapata wekundu. Yakifika yanavutana, mwanga unasimama. Panakuwa peusi."

"Mwanga juu ya mwanga unazaa giza?"

"Ndiyo."

"Hapo, mzee, nami nimeachwa," alisema Halfan. "Mimi naona tu kwamba nimekaa kwenye friji, na viazi vyangu viko barabarani."

"Nyamaza wewe, unapuliza hewa ya moto," Zaitun alimwambia, na hata Hulda akacheka.

Kisha ukuta ukatulia. Haikuwa ghafla. Kwanza wekundu uliacha kukimbia, halafu ukajipanga, na mistari ikasimama pale, iliyonyooka, kama mbao zilizopangwa zikauke. Hulda alivuta pumzi. Elius akageuka kumtazama baba yake.

Mzee alikuwa amesogeza uso mbele, jicho la kulia amelikaza mpaka linatoa machozi. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akaegemea nyuma.

"Mistari siioni," alisema. "Naona wekundu tu."

Elius alijua kuwa hapo hakuna la kufanya. Mistari ilikuwa myembamba, wala hakuwa na lenzi nyingine. Alikuwa amechelewa. Labda kwa mwaka mmoja, labda kwa mvua moja.

Lakini mzee alikuwa hajamaliza. "Binti Zaitun," alisema. "Wewe na huyu Elius ni ndugu?"

"Hapana, mzee. Mimi mtu wa Kondoa. Huyu mpangaji wetu tu."

"Akikosea utamwambia?"

"Mzee wangu," Halfan aliingilia, "huyu mwanamke hata mimi ananiambia, tena mbele ya wateja."

"Vizuri. Kaa hapa mbele yangu, unipe mgongo, utazame ukuta. Mistari ikisogea, sema. Ikitulia, nyamaza. Hulda, uniongoze mkono mpaka kwenye hicho kipande cha mninga, kisha unyamaze kabisa. Halfan pia. Na wewe Elius utoke nje."

"Nitoke, baba?"

"Utoke nje, ufunge mlango. Nisije nikasema baadaye kwamba ulimkonyeza."

Elius akatoka. Alisimama uani kwenye jua lile la Njombe linaloangaza bila kupasha, mikono kwapani. Ukutani kulikuwa na dirisha, lakini kwa ndani limefunikwa blanketi. Alisikia sauti ya Zaitun, ikiwa imefifia.

"Imesogea."

Kimya.

"Imesogea tena."

Kimya kirefu. Elius alihesabu mapigo ya moyo wake, akapotea, akaanza upya. Aliwaza kwamba labda mpira umepoteza upepo. Aliwaza kwamba betri ile ya kitochi ni ya kichina na inaweza kuzimika wakati wowote. Aliwaza mama yake, bila sababu, jinsi alivyokuwa anapembua maharage.

"Imesogea."

"Imesogea kidogo, ikarudi."

Kimya tena, kirefu kuliko cha kwanza. Jirani alipita na ndoo, wakasalimiana, kamwene, kamwene, za asubuhi, nzuri, watoto, wazima, na katikati ya salamu hizo Elius alikuwa anatega sikio nyuma.

"Imesogea, mzee. Na hii pia."

Halafu hakusikia kitu. Mlango ukafunguliwa. Mzee Hezekia alitoka amejifunika blanketi zote mbili, Hulda amemshika kiwiko. Akasimama mbele ya mwanawe, akainua mkono wa kulia na kukunja vidole vyote isipokuwa kimoja.

"Nilibonyeza kwa ukucha," alisema. "Mara sita. Mara mbili nilijifanya nabonyeza, sikubonyeza. Yule mwanamke hakukosea hata moja."

"Ndiyo, baba."

"Ule ni mninga. Nimepasua mninga miaka arobaini. Mninga hausogei kwa ukucha."

"Umesogea, baba. Kidogo sana."

"Na mwanga ukaona."

"Ukaona."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya ugonjwa au ya kitu kingine, Elius hakuthubutu kuuliza. Nyuma yao Halfan alikuwa anamsimulia Hulda jinsi mkewe alivyogeuka mashine, na kwamba kuanzia leo hatathubutu hata kujikuna mbele yake.

"Utawaambia watu wa usharika?" Elius aliuliza baadaye, wakinywa chai karibu na lile jiko.

"Niliwaambia zamani," alisema mzee. "Sikuongopa. Inatosha." Akanywa, akaweka kikombe chini kwa kupapasa. "Hiyo kazi ya kusugua, mnatazama kwa macho?"

"Macho hayafiki huko, baba. Ni mkono, na kusubiri."

"Mkono ninao," alisema Mzee Hezekia.

Hakurudi Mdandu ila kwa kuchukua nguo zake. Alihamia Makambako, kwenye kile chumba nyuma ya duka, na Elius akampa kazi ya kulainisha kingo za vioo kwa jiwe la kunolea lililolowa maji, ili mtu akifuta kabati lake asikatwe. Alianza jicho likiwa na mwanga kidogo, na mwaka ulipokwisha mwanga ukiwa umekwisha, hakuna aliyejua tofauti. Alifanya ukingo kwa kupitisha gumba, akirudi, akisubiri, akipitisha tena. Wateja walilalamika kuwa sasa wazito ni wawili. Aliyeuliza yule kijana alikuwa akifanya nini Ulaya alijibiwa na mzee kwa kirefu, kurasa zote sita kwa kichwa, mpaka anajuta kuuliza, na Halfan anapita nje akicheka peke yake.

Barua ilikuja mara moja kutoka karakana, kwamba majaribio yanaendelea, kitoroli kinakwenda vizuri kuliko zamani, na boriti bado haijapata roketi. Baada ya hapo hazikuja tena.

Mzee Hezekia alifariki mwaka elfu mbili na mbili. Elius bado anakata vioo, mzito vile vile. Hutokea akaitwa kwenye nyumba ya wageni ya zamani, au kwa mtu aliyerithi kabati la miaka ile, kubadilisha kioo kilichopasuka. Kabla ya kukitoa hupitisha kidole kwenye ukingo, pole pole, kutoka juu mpaka chini. Mwenye nyumba hudhani anatafuta ufa. Akiukuta ukingo ni ule wa baba yake, hupitisha kidole mara ya pili. Hukitoa kioo kikiwa kizima upande huo, na kipande hukifunga kwenye kitambaa cha pamba akaondoka nacho.